Nyanya Ameiva

Redio imesema usiku huu nyuzi mbili chini ya sifuri.
Imesema kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo ya hoki.
Na nyanya zangu, thelathini na moja, nimezihesabu,
bado kijani, ngumu kama gololi,
ua wa nyuma, Thunder Bay, tarehe kumi na tisa Septemba.

Kwetu Wundanyi nyanya hujiotea
penye mtaro wa maji ya vyombo.
Hakuna aliyezipanda, hakuna anayezishukuru.
Huku nilizianza Machi, dirishani,
kwenye vikombe vya mtindi,
nje theluji imefika kitasa cha lango.
Kila asubuhi nikazigeuza zisipinde shingo kulifuata jua.
Juni nikazitoa nje saa moja, kesho yake mbili,
kama mtoto anayezoeshwa shule.
Agosti nikakata vilele, nikapunguza majani,
nikazinyima maji kidogo ili zishtuke.
Hazikushtuka.

Mvumilivu hula mbivu, walisema.
Waliosema walikuwa na jua mwaka mzima.

Saa mbili usiku Bwana Kivelä anagonga,
jirani yangu, mgane,
mashuka manne begani, maua ya zambarau yaliyofifia.
"Ya Aune," anasema. Basi.
Tunafunika mche mmoja mmoja, tunabana kwa vibanio vya nguo,
pumzi zetu zinatoka nyeupe.
Tukimaliza, mashuka yamesimama gizani
kama abiria waliojitanda wakingoja basi la alfajiri.
Haagi. Anapapasa pindo moja, anarudi kwake.

Asubuhi nyasi zinavunjika chini ya viatu.
Majani ya maboga yake yamelala meusi,
utadhani yamemwagiwa maji ya moto.
Zangu zimepona, isipokuwa mche wa mwisho,
pale shuka lilipokuwa fupi:
nne zimegeuka kioo, ukibonyeza zinalia maji.

Sikungoja usiku wa pili.
Nikachuma zilizobaki, na vikonyo vyake,
nikazilaza droo ya chini, penye sweta,
gazeti chini, gazeti juu, moja isiguse nyingine,
na ndizi mbivu katikati iwafundishe kazi.
Kuvundika.
Neno hilo sijalitumia miaka tisa.
Nikalitamka kwa sauti, peke yangu, nimepiga magoti,
nisikie kama bado linafanya kazi.

Mkawasi ana miaka sita. Kiswahili chake
hukipata Jumapili kwenye simu,
robo saa, mtandao ukikubali.
Akitoka shule anafungua droo, ananusa, anafunga.
Sweta zake zote sasa zinanuka shamba.
Mwalimu ameuliza.

Siku ya kumi na moja, nimetoka zamu ya usiku,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikasikia kelele:
"Mama! Nyanya ameiva!"

Ameiva.
Nilitaka kumsahihisha. Imeiva, mwanangu.
Nyanya hii, si nyanya huyu;
huyu ni yule wa simu,
anayeuliza kila Jumapili kama huku tunakula,
na akijibiwa haamini.
Nikafungua kinywa.
Lakini alikuwa ameishika kwa viganja viwili,
nyekundu upande mmoja, upande wa pili bado unafikiri,
akaisogeza karibu na uso
akaiambia, taratibu, jinsi anavyofundishwa: "Shikamoo."
Akasubiri.
Sikujua nani aitikie.
Nikaitikia mimi. Marahaba.

Tukaikata vipande vitatu, na chumvi.
Cha tatu kikavuka ua kwenye kisosi.
Haikuwa tamu sana, nisidanganye:
maji mengi, ganda nene, uchachu wa droo.
Kivelä alikula amesimama mlangoni,
akaramba chumvi kidoleni,
akauliza zimebaki ngapi.

Ishirini na sita, nikasema. Na mashuka yamekauka, nitayaleta.

Akanirudishia kisosi.
"Kaa nayo," akasema. "Mwakani."